Hoja Sita za Maji ya Bomba

Nchi yenyewe ipo, tena si mbali, ila ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani imepelekwa kwenye matengenezo, rudi wiki ijayo. Jina lake sitalitaja. Siogopi, niogope nini mimi? Ni uvivu tu. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani na utulivu, wimbo wake wa taifa una beti nyingi kuliko madaraja, na ina Wizara ya Elimu na Majibu Sahihi, ambayo majirani huja kujifunza kwayo, kisha wakarudi kwao kimya kimya.

Katika nchi hiyo palikuwa na mwalimu wa lugha aitwaye Sikitu, akifundisha kidato cha pili katika Shule ya Sekondari Mafanikio B. Mafanikio A haijulikani iko wapi. Wilayani wanasema ilishajengwa, na kwenye ripoti ina hadi maabara, basi sisi ni nani tubishe. Sikitu alikuwa amechoka. Sisemi uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Nasema ule unaokaa mabegani, unakwenda nao sokoni, unarudi nao, ukiketi unaketi nao. Alikuwa amesahihisha insha miaka mingi kiasi kwamba mtu akimwamkia njiani, yeye moyoni anatafuta utangulizi uko wapi.

Na insha za nchi ile, ndugu yangu, si hizo unazozijua wewe. Insha ina utangulizi, hoja sita, na hitimisho. Hoja tano ni uvivu. Hoja saba ni uchochezi. Majibu yote yameandikwa kwenye mwongozo wa kusahihisha, nao hugongwa muhuri kabla swali halijatungwa. Ndivyo walivyo wataalamu wa Wizara: kwanza wanahakikisha jibu lipo, ndipo wanaanza kutafuta litaulizwa nini.

Kuna mwaka miongozo ilichanganywa huko juu. Wanafunzi waliulizwa faida za uhuru, mwongozo ukaja wa faida za kufuga nyuki. Walimu wakatazamana. Lakini muhuri ulikuwepo, wa zambarau, umekolea, na hakuna aliyewahi kusikia muhuri ukikosea. Wakasahihisha hivyo hivyo. Nchi nzima alifaulu kijana mmoja, aliyeandika kwamba uhuru umetuletea asali na nta. Siku hizi ni mshauri Wizarani, na husema ana kumbukumbu nzuri za shule.

*

Mtihani ulioogopwa uliitwa Mtihani wa Mchujo, ukifanywa mwisho wa kidato cha pili. Hesabu ilikuwemo na sayansi ilikuwemo, lakini hayo yote yalikuwa ya kupoteza muda tu, insha ndiyo iliyoamua. Aliyefaulu insha aliingia kidato cha tatu. Aliyefeli aliandikishwa Kikosi cha Shangwe, akapewa fulana, kofia na kibendera, akapangwa kando ya barabara kuwapungia viongozi wanapopita. Kazi si nzito. Tatizo ni kwamba viongozi wa nchi ile hawatoi ratiba, kwa sababu za kiusalama, hivyo vijana husimama juani tangu asubuhi, na wapo waliosimama mpaka wakaoana hukohuko. Mzazi akisikia mwanawe kafeli insha hulia, kisha hukumbuka kwamba shangwe ni jambo jema, akajifuta machozi.

Mwaka huo zamu ya kutunga swali la insha iliiangukia Mafanikio B, na pale shuleni ikamwangukia Sikitu, maana wenzake wote waligundua ghafla kwamba wana wagonjwa nyumbani. Akaketi ofisi ya walimu, akaandika bila kufuta: *Eleza jinsi maji yanavyofika nyumbani kwenu.*

Watu baadaye walisema ulikuwa ushujaa. Ushujaa wapi! Ulikuwa uchovu. Sikitu alitaka, mara moja tu kabla hajastaafu, asome insha ambayo hajapata kuisoma.

Alimpelekea mkuu wa shule, Bwana Lukindo, mtu mwema ambaye barua za Wizara alizisoma akiwa amesimama, hata akiwa peke yake.

"Mwalimu Sikitu," akasema, akiishika ile karatasi kwa ncha za vidole, "hili swali mbona halina faida?"

"Halina faida kivipi, mkuu?"

"Maswali yote huwa yanauliza faida. Hili linauliza *jinsi*. Na hapa umeandika *nyumbani kwenu*. Kwenu wapi? Huoni kama ni kumfuatilia mtu?"

"Anayeulizwa ni mtoto wa kidato cha pili, mkuu."

"Leo ni mtoto. Kesho je?" Akavuta pumzi. "Mimi sina neno, unanijua. Ila tuwaachie wakubwa waliangalie."

Wakubwa wakaliangalia. Swali lilipita Kamati ya Usalama wa Maswali, likapita Kamati ya Adabu, likakaa muda kwenye Kamati ndogo ya Kuangalia Kamati Nyingine, kisha likarudi na barua ya pongezi. *Tunafurahi kukufahamisha kuwa swali lako limepitishwa bila mabadiliko.* Chini yake likaandikwa swali lenyewe: *Eleza faida sita za maji ya bomba yanayofika nyumbani kwenu kila siku.*

Mwongozo wake ulikuwa tayari tangu zamani. Ulipitishwa siku ileile bomba la Mafanikio lilipozinduliwa. Siku hiyo kiongozi alifungua koki mbele ya shule, maji yakatoka kwa kishindo, watu wakapiga vigelegele, na hotuba zilipokwisha, lori la maji lililokuwa nyuma ya ukuta likakunja mpira wake, likapiga honi kuaga na kuondoka naye. Koki bado ipo. Hupakwa rangi ya bluu kila mwaka, na wanafunzi wanaofanya makosa hupewa adhabu ya kuifuta vumbi.

*

Siku ya mwisho ya vipindi darasa likamzingira Sikitu likiomba dokezo. Hakuwa na ruhusa ya kutoa dokezo, wala hakuwa na nguvu ya kukataa vizuri. Akasema tu, huku akikusanya chaki zake, "Andikeni mnachokijua." Ni maneno ambayo walimu husema. Darasa zima lilijua maana yake ni *karirini*, wakaenda kukariri.

Mmoja hakukariri. Aliitwa Tunu, msichana wa dawati la nyuma kabisa, mwenye mwandiko ulioegemea upande kama unakimbilia mahali. Huyu ukimwambia andika unachokijua, anakuelewa hivyohivyo. Watoto wa namna hii wapo, na mimi sijui wazazi wao huwalisha nini.

Mtihani ukafanywa. Sikitu akaunganisha madawati mawili darasani, akaweka lundo mbele yake, akatoa kalamu nyekundu. *Maji ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu.* Vema. *Zifuatazo ni faida sita za maji ya bomba.* Vema. *Kwanza, huokoa muda wa akina mama.* Vema. Insha ya pili, maji ni kitu muhimu sana. Ya tatu, muhimu sana. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kama wa mtu anayechambua mchele. Kuna mahali alijikuta ameweka vema kwenye meza.

Kisha akaishika ya Tunu.

*Nyumbani kwetu maji hayafiki kwa bomba,* ilianza, bila utangulizi. *Yanafika kwa mama. Anatoka jogoo wa jirani akiwa bado amelala. Huko bondeni kuna foleni, na kwenye foleni ndiko mama anakopata habari zote, nani amejifungua na nani amefukuzwa kazi. Faida ya kwanza ni hiyo, habari. Akirudi anasimama mlangoni na kusema nitue, nami namtua ndoo. Shingo yake inakuwa imekaza, hawezi kugeuka, kwa hiyo mimi ndiye ninayezunguka nije mbele yake ili anione. Kikombe cha kwanza anapewa bibi. Mama anakunywa mwisho, anasema ameshakunywa huko bondeni, lakini najua anasema uongo kwa sababu ya upendo. Siku alipoumwa, maji hayakuja. Tulikaa tu tunatazamana. Faida nyingine sizijui.*

Sikitu akaweka kalamu chini. Akaisoma tena. Akacheka pale penye habari za foleni, na alipofika kwenye shingo akalia, akalia hasa, mwalimu mzima, kamasi na kila kitu. Alifurahi. Hiyo ndiyo iliyomliza zaidi, kwamba alikuwa amesahau kwamba insha inaweza kumfurahisha mtu.

Kwa mwongozo, ile ilikuwa sifuri. Haikuwa na utangulizi, haikuwa na hitimisho, na hoja yake pekee haikuwemo. Sikitu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akachukua kalamu akaandika alama zote, akaizungushia duara, akapiga na mstari chini, liwalo na liwe.

*

Likawa. Wizara ya nchi ile ina Timu ya Kusahihisha Usahihishaji, na timu hiyo haikawii. Iliongozwa na Mkurugenzi wa Insha mwenyewe, Dakta Mtalemwa, aliyekuja na msafara, na nyuma ya msafara basi la Kikosi cha Shangwe, limejaa fulana. Basi likaegeshwa kivulini, dereva akazima injini. Alikuwa na uzoefu.

Wakaketi ofisi ya walimu. Kwanza Dakta akaomba anawe mikono, kwa kuwa njia ilikuwa na vumbi. Bwana Lukindo akatoka mbio, akarudi na mpishi wa shule, amebeba jagi na beseni, na shati lake limelowa bega zima kwa kupandisha maji kutoka bondeni.

"Maji mazuri," akasema Dakta, akijikausha. "Ya wapi haya?"

"Ya bomba, mheshimiwa," akasema Bwana Lukindo.

"Mnaona!" akasema Dakta kwa wote waliokuwepo, na katibu wake akaandika.

Kisha akaivaa miwani, akaitoa ile insha kwenye bahasha. "Mwalimu Sikitu. Wizara inakuheshimu. Tumepitia kazi yako ya miaka yote na hatukuona tatizo, hatukuona chochote, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya msahihishaji. Sasa hii. Mtoto hana hata hoja moja, umempa alama zote. Tueleze."

"Ameeleza jinsi maji yanavyofika kwao, Dakta."

"Hakuulizwa hilo."

"Ndilo nililouliza mimi."

"Swali lako lilipita bila mabadiliko, una barua." Akaiinua karatasi. "Nisikilize, mwalimu. Mimi si mtu wa jiwe. Insha hii nimeisoma. Nikaisoma tena garini. Penye shingo ya mama nikaomba dereva asimame kidogo. Nimeguswa, mwalimu, sikufichi. Na hapo ndipo palipo na tatizo. Msahihishaji akishaguswa, usawa umekwisha! Leo utaguswa na huyu, kesho utaguswa na yule, mwisho nchi nzima tunagusana. Zile insha nyingine zote hazikumgusa mtu. Nimewauliza wasahihishaji wa kila wilaya, hakuna aliyesikia kitu. Hiyo ndiyo haki."

"Lakini alichosema ni kweli."

"Nani amesema si kweli?" Dakta akashangaa kwa dhati. "Mimi nimesema si kweli? Katibu, niliwahi kusema? Ni kweli kabisa. Haimo kwenye mwongozo, basi."

Sikitu akatafuta la kusema. Alikuwa nalo, refu, lenye hasira, alilokuwa akilitunga tangu mwaka wa nyuki. Ila dirishani aliliona lile basi, na mlango wake uko wazi.

"Mnamfanya nini mtoto?" akauliza.

"Ni sifuri. Kwa hiyo Kikosi." Dakta akakunja miwani yake. "Isipokuwa kuna Marudio ya Huruma. Mtoto aiandike upya, leo, sisi tukipata chakula cha mchana. Mwalimu wake atamwandaa. Akiandika vizuri anaingia kidato cha tatu, na hili tutalisahau. Wizara haina kinyongo na mtu."

*

Tunu alikuwa amekaa peke yake darasani, mikono imewekwa juu ya dawati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona wanasema nimepata sifuri?"

Sikitu akakaa kwenye dawati la mbele, akageukia nyuma. Miaka yote amefundisha, hili hakulisomea chuoni. "Uliandika vizuri sana, Tunu. Mimi sijapata kusoma insha nzuri kama ile. Nakwambia hivyo ujue. Lakini sasa inabidi uandike nyingine."

"Ya nini?"

"Ya bomba."

Mtoto akamtazama. "Si ulisema tuandike tunachokijua?"

"Nilisema."

"Mimi bomba silijui, mwalimu. Naijua ile koki tu. Niliifuta vumbi muhula uliopita." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mama nimeshamwambia kwamba nimemwandika. Alicheka siku nzima. Akasema, kwa hiyo huko Wizarani watanijua! Akaenda kuwasimulia wote kwenye foleni."

Jamani. Sikitu akainama, akajifanya anatafuta chaki. Harufu ya pilau ya wageni ilikuwa inaingia dirishani, na vicheko vyao nyuma yake.

"Mama yako anataka nini kwako, Tunu? Ukiacha hayo mengine yote."

"Nisome."

"Unaliona lile basi?"

"Naliona."

"Basi andika, mwanangu. Chukua kalamu."

Akasimama ubaoni, akampa mgongo ili mtoto asimwone uso. "Maji ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu. Nukta. Zifuatazo ni faida sita za maji ya bomba. Nukta. Kwanza, maji ya bomba huokoa muda wa akina mama."

Kalamu ilikuwa inakwaruza nyuma yake, ikasita.

"Muda upi, mwalimu?"

"Andika tu."

Tunu akaandika. Hakuuliza tena. Alikuwa na akili nyepesi yule mtoto, na Sikitu alipofika hoja ya nne akasikia kwamba kalamu imemtangulia, inaandika ya tano bila kusomewa.

*

Dakta Mtalemwa aliisoma ile insha mpya akichokonoa meno. Alipomaliza akaiweka kifuani.

"Sijaguswa hata kidogo!" akasema, na macho yake yalijaa furaha. Akampa alama zote. Basi la Kikosi likaondoka kuelekea shule nyingine, na insha ya Tunu ikachapishwa kuwa insha ya mfano kwa shule zote, ikasomwa redioni baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo.

Wiki ile mama yake Tunu alikuja shuleni, amevaa kitenge cha kwendea harusi. Alikuwa mwanamke mfupi, shingo imenyooka kwelikweli, na alipotaka kumtazama mtu aligeuka mwili mzima.

"Mwalimu," akasema, akiushika mkono wa Sikitu kwa mikono yake miwili. "Mimi redio sina, ila nimeambiwa. Nasikia wamenisoma nchi nzima."

Mwanamke alikuwa anamtazama, uso wote uko wazi, anasubiri.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wamekusoma."

"Kumbe na sisi tuna la kuandikwa!" Akacheka, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Hata huko Wizarani! Mungu akubariki, mwalimu. Akubariki sana."

Baada ya hapo Sikitu hakula chakula cha mchana, wala cha jioni. Mkuu wa shule alipomuuliza akasema ni tumbo.

*

Muhula mpya ulipoanza akapewa kidato cha tatu, na Tunu alikuwemo, safari hii dawati la mbele. Wizara ya nchi ile haijishughulishi na majaribio madogo ya darasani, bado haijapata kamati za kutosha. Mwalimu anaweza kutunga swali lake ubaoni, akalisahihisha mwenyewe, na dunia isijue. Sikitu alikaa na wazo hilo likizo nzima. Lilikuwa ndilo jambo pekee lililomtoa kitandani asubuhi ile.

Akaingia, akaamkiwa, akafuta ubao vizuri mpaka kwenye kona. Akaandika: *Eleza kuhusu mtu mmoja wa nyumbani kwenu.*

"Hili haliendi popote," akawaambia. "Halina kamati, halina mwongozo. Nitasoma mimi peke yangu. Mwandikeni mama, babu, yeyote. Semeni mnachotaka, kwa namna mnayotaka. Nataka tu kusoma."

Akamwona Tunu ananyoosha mkono.

"Ndiyo, Tunu."

Msichana akasimama wima kwa heshima zote, kama anavyotakiwa kusimama mwanafunzi aliyesomwa redioni.

"Mimi namwandika mama," akasema. "Samahani, mwalimu. Za mama ni zipi?"

"Za mama nini?"

"Hoja sita."

Sikitu akamtazama. Hakukuwa na dhihaka usoni mwake, wala hasira. Alikuwa anauliza tu, na nyuma yake wenzake wote walikuwa wameinua kalamu, wakimsubiri mwalimu aseme.